Si Mawese Yale: Giaboksi Zinavyoungua Njia ya Bengamisa

*Pikapu za otomatiki zinakokota trela kwenye barabara ya udongo kaskazini mwa Kisangani, na wenye magari wanauliza kama rejeta ndogo ya ziada itaziokoa. Mwandishi wetu, aliyelala njiani na gari lililoungua, amelifuatilia swali hilo.*

Tulidhani ni mawese.

Pikapu ilikuwa imesimama upande wa kulia wa barabara, mwendo mfupi kabla ya kuingia Bengamisa ukitokea Banalia. Nyuma yake ilikuwa trela ya magurudumu mawili iliyosheheni bidoni za njano. Chini ya gari, usawa wa magurudumu ya mbele, udongo mwekundu ulikuwa umelowa kitu chekundu zaidi. Mama mwenye mzigo aliruka chini, akaenda moja kwa moja kwenye trela, akaanza kuzipapasa bidoni moja baada ya nyingine akitafuta iliyopasuka. Hakuna iliyopasuka.

Shofere akapiga magoti, akachovya kidole, akanusa. Harufu ilikuwa kama ya ukoko uliosahauliwa jikoni.

“Mama, mawese yako mazima,” akasema. “Ni boate.”

Boate ndilo jina la giaboksi huku, kutoka Kifaransa. Nilikuwa abiria kwenye gari hilo. Ilikuwa saa nane mchana, na mvua ilikuwa imetoka kukatika. Kisangani tuliingia kesho yake usiku, tukivutwa kwa mnyororo na lori la mbao, kwa safari ambayo siku ya ukavu pikipiki huimaliza ndani ya saa mbili.

Njia nzima nilikuwa nikiwaza jambo moja. Injini haikuwa na kasoro, matairi yalikuwa mapya, mzigo haukuwa wa kutisha. Gari liliuawa na joto la oili, na hakuna aliyeliona joto hilo likipanda.

Barabara isiyo na mwezi mkavu

Bengamisa iko takriban kilomita 50 kaskazini mwa Kisangani, katika wilaya ya Banalia, jimbo la Tshopo. Inapitiwa na Barabara ya Taifa namba 4, ile inayotoka Kisangani, ikavuka mto Tshopo kisha Lindi, ikaenda Banalia kwenye kingo za Aruwimi, halafu Buta na kuendelea hadi mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni barabara ya udongo mwekundu iliyozungukwa na msitu. Mvua ya eneo la Kisangani hupita milimita 1,600 kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao mkulima au shofere anaweza kuuita wa ukavu kamili.

Ndiyo maana kwenye barabara za udongo za Kongo kuna vizuizi vya mvua. Mvua ikinyesha, mti unashushwa, magari yanasubiri udongo ukaze. Magari yakiruhusiwa kabla ya wakati, yanachimba mitaro ambayo mvua inayofuata inaigeuza madimbwi.

Mizigo ya njia hii ni mawese, mchele, ndizi, mkaa, mbao na kakao. Bengamisa ni mji wa kakao tangu zamani. Shamba lake kubwa, Cacaoyère de Bengamisa, linajulikana zaidi kwa jina fupi la CABEN. Miaka ya vita, malori yalipokuwa hayapiti, mzigo ulisukumwa kwa baiskeli. Kisangani ndiko baiskeli ya abiria ilikopewa jina toleka, yaani twende zetu. Sasa pikipiki zimechukua nafasi hiyo, na malori yamerudi kwa kadiri barabara inavyoruhusu.

Pikapu yenye trela imeingia katikati yao. Lori linangoja hadi lijae, na pikipiki haibebi jenereta. Mfanyabiashara mwenye bidoni 60 anataka kitu kinachoondoka leo. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina uzito wa kilo 18 hivi, kwa hiyo bidoni 60 ni zaidi ya tani moja, na tani moja ndiyo inayopakiwa kwenye trela iliyochomelewa gereji kutokana na ekseli ya gari kuukuu.

Kuna mzigo mwingine ambao hausubiri hata mti wa kizuizi uinuliwe. Mei 2017 Ebola ilitangazwa Likati, katika Bas-Uele, mbele ya Buta. Septemba 2021 homa ya uti wa mgongo ilitangazwa Banalia kwenyewe. Chanjo, majokofu, jenereta na mapipa ya mafuta hufika maeneo kama hayo kwa gari dogo, pikipiki na mitumbwi. Pikapu ikifa Bengamisa siku kama hizo, wanaoumia wako mbali sana na yule anayelipa gereji.

> Gari liliuawa na joto la oili, na hakuna aliyeliona joto hilo likipanda.

Birika tano chini ya sakafu

Giaboksi ya mkono inaunganishwa na injini kwa klachi, yaani diski kavu inayobanwa. Ya otomatiki inaunganishwa kwa oili. Kati ya injini na gia kuna chombo cha duara chenye feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Injini inazungusha ya kwanza, oili inarushwa kwa nguvu, nayo inaizungusha ya pili. Mafundi wanakiita konveta. Mwanzilishi wake ni Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Miongo kadhaa ilipita kabla hakijaingia kwenye magari.

Uzuri wa konveta ni kwamba inavuta taratibu na kwa nguvu, bila kuzima injini. Ubaya wake ni kwamba feni ya pili haikimbii sawasawa na ya kwanza, na tofauti ile yote inageuka joto ndani ya oili. Gari likiwa kwenye lami, kwa kasi nzuri, klachi ndogo ndani ya konveta inajifunga, feni zote mbili zinakwenda pamoja na joto linapungua sana. Kwa kilomita 15 kwa saa kwenye tope, klachi hiyo kwa kawaida haijifungi.

Watu wa Bengamisa wananiambia hawana milima, na ni kweli. Kisangani iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na nchi inapanda na kushuka kwa upole tu. Lakini tope laini linalorudisha tairi nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wa gari linaitesa giaboksi sawa na kupanda mlima wa mita 10 kwa kila mita 100. Dereva wa mlima wa Kitonga, kule Iringa, Tanzania, anapanda kwa kilomita chache juu ya lami, kisha anapumua. Wa Bengamisa anapanda mlima usioonekana tangu asubuhi hadi jioni.

Nimepiga hesabu ya gari letu. Pikapu na mzigo wake wa nyuma, pamoja na trela, kiasi cha tani 4. Tope la aina hiyo, na kijiinuko cha mita 8 kwa kila mita 100, kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa, vinadai karibu kilowati 30 kwenye magurudumu. Robo ya nguvu ya injini ikipotelea ndani ya konveta, oili inapokea takriban kilowati 10 za joto. Ni kama birika tano kubwa za umeme, zote zinachemka kwa pamoja chini ya sakafu ya gari, na oili ya kulibeba joto hilo ni lita chache tu.

Kanuni ya zamani ya gereji inasema oili ya giaboksi ikikaa kwenye nyuzi 80 za Selsiasi inaweza kufika kilomita 160,000. Kila zikiongezeka nyuzi 11, umri huo unakatwa nusu. Kwa nyuzi 102 zinabaki kilomita 40,000, na kwa nyuzi 124 zinabaki 10,000. Oili za kisasa za sintetiki zinastahimili kuliko hapo, lakini mwelekeo ni uleule. Karibu na nyuzi 115 oili inaanza kuacha utando mgumu kama vanishi kwenye vali. Ikipita 125 sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu, na hapo ndipo uvujaji unapoanza. Ikikaribia 145 klachi za ndani zinateleza, na kuteleza huko kunaleta joto jingine.

Gari letu lilipita hatua zote hizo kati ya Banalia na pale liliposimama. Taa ya onyo kwenye dashibodi iliwaka mwishoni kabisa, kama mgeni anayefika msibani baada ya maziko.

Wanaosema: rudini kwenye gia ya mkono

Mafundi wakongwe wa Kisangani hawana muda na mjadala huu. Kwao gari la msituni ni Land Cruiser au Hilux ya gia ya mkono, basi. Klachi ikiungua, inashushwa chini ya mwembe, inawekwa nyingine, safari inaendelea. Otomatiki ikiungua, hakuna mwembe utakaoisaidia. Inahitaji meza safi, vifaa maalumu, sili na diski zisizopatikana dukani, na mtu aliyewahi kuifungua nyingine kabla ya hiyo.

Hoja yao ina uzito mkubwa, na mimi niliyelala njiani nauhisi. Hata kwa Toyota yenyewe, Land Cruiser ya 79 iliyoanza mwaka 1999 ilikuwa pikapu ya gia ya mkono kwa miaka mingi. Ni mwaka 2023 ndipo kampuni ilipotangaza, kwa soko la Australia, pikapu hiyo yenye injini ya lita 2.8 na otomatiki ya gia 6.

Lakini wazee hawa wanasahau kwamba klachi kavu nayo inaungua kwa joto, na haina hata tone la oili la kuipoza. Trela nzito ikikwama kinyumenyume kwenye tope, dereva akalegeza kanyagio nusunusu kwa dakika mbili, moshi unatoka. Nimeona klachi mpya ikiisha kwa siku moja. Otomatiki inavuta bila kukatika, tairi halipati mshtuko wa kuruka na kuzama, na dereva aliyechoka anabaki na mikono miwili kwenye usukani. Kwenye utelezi hilo ni jambo kubwa.

Tena soko limeshaamua. Pikapu zilizotumika zinazoingia Kongo ya mashariki na kaskazini, zikipitia mpaka wa Kasindi au zikipanda mto kutoka Kinshasa kwa matishari, zinazidi kuwa za otomatiki kwa sababu ndiko dunia ilikokwenda. Mnunuzi wa Kisangani anachagua katika kilichopo.

Wanaosema: ongezeni rejeta

Kundi la pili ni vijana wa gereji na baadhi ya madereva wa mashirika. Wao wanasema otomatiki haina kosa ila inahitaji kupozwa vizuri zaidi ya kiwanda kilivyokusudia.

Jinsi kiwanda kilivyopanga katika pikapu nyingi ni hivi. Oili inatoka kwenye giaboksi kwa bomba la chuma, inapita katika kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta ya injini, halafu inarudi. Maji ya rejeta ndiyo yanayoipoza. Mpango huu ni mzuri kwa gari tupu kwenye lami, na una faida moja ambayo watu hawaifikirii: asubuhi ya baridi maji yanaipasha oili haraka. Tatizo ni kwamba themostati ya injini huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi. Injini inapohangaika na trela, maji yenyewe yanapanda. Oili yenye joto la 130 inakwenda kuomba hifadhi kwa maji ambayo tayari yamezidiwa.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba huja na mfumo wa kupoza uliokuzwa, kwa sababu ya joto la kule. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hayana lazima hiyo. Pikapu mbili za umri mmoja na rangi moja, moja ya Dubai na moja ya Japani, zinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa kwenye njia ya Banalia. Mnunuzi aangalie nyuma ya grili kabla ya kuangalia viti.

Rejeta ndogo ya ziada hukaa mbele, penye upepo, na oili inapozwa na hewa moja kwa moja. Zipo za bomba lililopindwapindwa lenye mapezi, ambazo ni rahisi na dhaifu. Zipo za bamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambazo kwa ukubwa uleule zinapoza zaidi na haziibani oili. Kwa trela ya tani moja kwenye tope, sioni sababu ya kununua ile ya kwanza.

> Pikapu mbili za umri mmoja, moja ya Dubai na moja ya Japani, zinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa kwenye njia ya Banalia.

Ugomvi wa bomba

Hapa ndipo vijana wenyewe wanapogawanyika, na nimekaa gereji mbili tofauti nikisikiliza mabishano yaleyale.

Upande mmoja unasema oili ipite kwanza kwenye kipoza cha zamani ndani ya rejeta ya injini, kisha iende kwenye rejeta mpya, ndipo irudi kwenye giaboksi. Maji yanaondoa sehemu kubwa ya joto, hewa inamalizia. Huo ndio ushauri wa watengenezaji wengi wa vipoza hivi.

Upande wa pili unataka kukiruka kabisa kipoza cha zamani. Sababu yao si ya kupuuza. Ukuta mwembamba ndani ya tangi la rejeta ukioza au kupasuka, maji na oili vinakutana. Oili inageuka rangi ya maziwa ya waridi, gundi inayoshika nyenzo za msuguano za klachi inaachia, na giaboksi inakufa hata kama haijawahi kupata joto. Nissan ilipata sifa mbaya kwa hilo huko Marekani, kwenye Frontier, Xterra na Pathfinder za miaka ya 2005 hadi 2010. Katika nchi ambako rejeta hujazwa maji ya mtoni bila dawa ya kuzuia kutu, hofu hiyo ni halali.

Mimi niko na upande wa kwanza, kwa sharti. Gari likitembea kilomita 10 kwa saa, mbele hakuna upepo, na rejeta ya hewa isiyo na feni ni pambo. Maji ya injini yana pampu na feni kubwa ambazo hazijali kasi ya gari. Kuyaacha ni kutupa msaada uliokwisha kulipiwa. Ila rejeta ya injini iwe nzima, ijazwe maji safi yenye dawa yake, na ikiwa ni kuukuu ibadilishwe kabla ya kufunga chochote. Asiyeweza kuibadilisha, basi airuke, na aweke feni ya umeme kwenye rejeta ndogo bila kubahatisha.

Kazi yenyewe

Kazi hii si ya siku nyingi. Fundi makini anaimaliza asubuhi moja. Lakini makosa yake ni ya gharama.

La kwanza ni mpira. Nimeona mpira wa petroli, hata wa maji, ukifungwa mahali pa mpira wa oili ya giaboksi. Oili hii ina joto na ina shinikizo. Mpira usio wake unalainika, unachomoka usiku, na giaboksi inatapika oili yote barabarani kwa dakika chache. Uwekwe mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo, klipu mbili kila kiungo, mbali na bomba la ekzosi na mbali na makali ya chesi.

La pili ni kutojua bomba lipi linatoa na lipi linarudisha. Hali hiyo hutofautiana kwa kila giaboksi, na kukisia hakufai. Bomba linafunguliwa, mdomo wake unaelekezwa kwenye ndoo, injini inawashwa kwa sekunde chache tu, na oili yenyewe inaonyesha.

La tatu ni kipimo cha oili baada ya kazi. Rejeta mpya na mipira yake vimemeza oili ambayo lazima irudishiwe, tena ya aina iliyoandikwa na kiwanda. Giaboksi nyingi za siku hizi hazina kijiti cha kupimia. Zinapimwa kwa kifuniko cha chini, oili ikiwa kwenye joto maalumu. Fundi anayejaza kwa macho anajenga tatizo jingine. Na oili yenyewe, ikiwa inauzwa katika chupa ya maji isiyo na nembo, wekundu wake hauthibitishi lolote. Rangi ni ya kutiwa tu, ili isichanganywe na oili ya injini.

Halafu kuna mambo ya Bengamisa, ambayo hayamo kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi.

Tope linaziba mapezi. Rejeta ndogo ikifungwa chini karibu na bampa, kama picha nyingi zinavyoonyesha, baada ya madimbwi matatu imekuwa tofali. Ifungwe juu, iwekewe wavu mbele, na ioshwe kwa maji ya kumiminwa, kutoka nyuma kwenda mbele, bila presha ya kukunja mapezi. Feni yake iwe na swichi ya kuizima kabla ya kuingia kwenye maji marefu.

Na kuna kipumulio. Giaboksi ina tundu dogo la kupitisha hewa. Gari lililotoka kwenye tope likiwa la moto likizama ghafla kwenye kijito cha baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilicho karibu. Tundu likiwa chini, linavuta maji. Kipande cha mpira kinachopandisha kipumulio hicho hadi juu karibu na boneti ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na ni magari machache niliyoyakuta yakiwa nacho.

Geji kabla ya rejeta

Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu kwa ajili ya pikapu ile, nisingenunua rejeta. Ningenunua geji ya joto la oili.

Shofere wetu alikuwa mtu makini. Alikuwa akisimama kila baada ya muda kukagua matairi na kamba za mzigo. Angesimama pia kwa ajili ya giaboksi kama ingekuwa na njia ya kumwambia. Kipima joto kinaweza kufungwa kwenye bomba la kutolea oili au kwenye sampu ya giaboksi. Kwenye magari mengi mapya hata simu inatosha, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Sindano ikifika 110, dereva anajua ana dakika, na anajua la kufanya.

La kufanya lenyewe halina gharama. Kwanza, atumie gia nzito za 4L kabla ya kukwama, wala asisubiri kukwama. Katika 4L injini inazunguka kwa uhuru zaidi, konveta inateleza kidogo, na joto linashuka waziwazi. Madereva wengi wanaiona 4L kama dawa ya mwisho, kumbe kwa mwenye trela ni chakula cha kila siku. Pili, asilitikise gari mbele na nyuma kwa kubadili D na R mfululizo. Hakuna kitu kinachopika oili haraka kuliko hicho. Tatu, akisimama ili gari lipoe, asizime injini. Pampu ya giaboksi inasukumwa na injini. Ikizimwa, oili ya moto inabaki imelala mahali ilipo. Aweke P au N, injini ingurume kidogo, asubiri sindano ishuke.

Na uzito upimwe. Hilux za karibuni katika masoko mengi zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa trela yenye breki zake, lakini kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki. Trela nilizoziona Bengamisa hazina breki. Rejeta yoyote, hata ya bamba 40, haisimamishi tani moja inayokusukuma kuelekea darajani.

> Madereva wengi wanaiona 4L kama dawa ya mwisho, kumbe kwa mwenye trela ni chakula cha kila siku.

Nani alipe

Wenye magari wanalalamika kwamba wanaambiwa wanunue vifaa kwa sababu ya barabara ambayo si yao. Wana haki. Kongo ina mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioanzishwa mwaka 2008, na pesa zake zinatokana kwa sehemu kubwa na tozo kwenye mafuta. Kila mwenye pikapu anayejaza tangi Kisangani ameshachangia. Matengenezo ya udongo hayadumu: mitaro ya kando ikizibwa na majani kwa misimu miwili, maji yanahamia katikati, na kazi ya mamilioni inaondoka na mvua. Watu wa vijiji vya njiani wakilipwa kusafisha mitaro kila mwezi, giaboksi nyingi zitapona kuliko zitakazookolewa na gereji zote za mji.

Lakini mama wa mawese hakuweza kusubiri mitaro. Usiku ule, kando ya barabara, alihesabu pesa za kukodi pikipiki nne zilizobeba sehemu ya bidoni zake hadi Kisangani, akijua faida yote ya safari imekwenda. Zilizobaki alizilinda mwenyewe, akiwa ameketi juu ya trela, kitenge kichwani, hadi lori la mbao lilipofika.

Pikapu ile ilikaa gereji wiki nyingi. Giaboksi haikutengenezeka. Ikapatikana nyingine iliyotumika, na mwenye gari, baada ya kuhesabu alichopoteza, akakubali kufunga rejeta ya bamba, feni na geji. Jumla yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya giaboksi.

Nimepanda nayo tena msimu huu, shofere yuleyule. Trela ilikuwa na bidoni 40 badala ya 60, kwa matakwa yake mwenyewe. Baada ya Lindi aliingiza 4L bila kuulizwa. Pale kwenye dimbwi refu kabla ya Bengamisa sindano ilipanda hadi 108, naye akasogea pembeni, akaweka N, akaiacha injini ikinguruma. Abiria mmoja aliyekuwa na haraka alimuuliza kuna nini.

“Ngoja, papa,” akajibu, macho yakiwa kwenye geji. “Ishuke mpaka tisini.”